Seli Moja Isiyo na Hesabu

Nimekaa jirani na Pak Ngadiman miaka kumi na mmoja, meza yake imegusana na yangu, katika ofisi ya kijiji chetu kusini mwa mji wa Solo. Subira yangu naijua mwenyewe. Huyu bwana anakata kucha ofisini, na si za mikono tu. Anavua viatu, anapandisha mguu juu ya droo, anakata huku anapiga mluzi, na vipande vinaruka mpaka karibu na glasi yangu ya chai. Anajipaka mafuta ya dawa ya kayuputi kitovuni huku anamsikiliza mjane aliyekuja kuomba barua. Anakula tempe, vipande vya soya vya kukaanga, kwa pilipili ya kusaga, kisha vidole vilevile vinarudi kwenye kompyuta mpakato ya ofisi, ambayo haiachi hata akienda chooni. Herufi za kompyuta hiyo zimefunikwa utando wa mafuta na majivu ya sigara za karafuu. Siku moja niliishika kwa bahati mbaya, nikaenda kunawa mara mbili.

Na watu walikuwa wanampenda. Hilo ndilo lililonichefua kuliko yote.

Baba yake, Mbah Kromo, alikuwa mpiga hesabu za ndoa. Kwetu mtu ana siku mbili za kuzaliwa kwa mpigo: siku ya wiki, na siku ya soko, maana wiki ya soko ina siku zake tano, Legi, Pahing, Pon, Wage na Kliwon. Kila siku ina namba yake. Unajumlisha za mvulana na za msichana, unatoa tisa, unatoa tisa tena, mpaka kinachobaki kiseme. Kikisema Jodoh, mtafaana. Kikisema Padu, mtagombana mpaka uzeeni. Kikisema Pegat, mtaachana, au mmoja atamzika mwenzake mapema. Hakuna mzazi anayebeba sinia za posa bila hesabu hiyo. Wako wasomi wanaosema hawaamini mambo ya wazee, na hao ndio hufika wa kwanza, asubuhi, kabla foleni haijaanza.

Mbah Kromo alitumia daftari lililotafunwa na mende, na ujira wake ulikuwa kuku au mkungu wa ndizi. Alipofariki, kaka zake Ngadiman waligawana shamba la mpunga na nyati, yeye wakamtupia daftari. Alikuwa ametaka uaskari, miguu bapa ikamkatalia. Akajifunza ufundi redio, mikono ikawa inatetemeka. Akaishia karani, mtu wa kuandika vyeti vya ukazi na kupiga muhuri. Wilaya ilipotuletea kompyuta, alikaa wiki tatu akilihamisha lile daftari kwenye jedwali. Safu ya kwanza jina la mvulana, ya pili jina la msichana, kisha siku zao, kisha jumla, na mwisho safu ya jibu, ambayo fomula inaijaza yenyewe. Alichapa kwenye karatasi nyeupe, akagonga muhuri wa ofisi. Muhuri wa serikali juu ya nyota za watu!

"Mashine haina shangazi," alipenda kusema, yaani haina wa kumpendelea. Watu walicheka, wakaondoka na karatasi yao wameikumbatia. Daftari la baba yake lilibishiwa miaka arobaini. Karatasi ya Ngadiman haikubishiwa hata siku moja, kwa sababu tu ilitoka kwenye waya.

Mimi nilikuwa nikitazama na kunyamaza, mpaka zamu ilipomfikia Galuh.

Galuh ni binti wa mdogo wangu, Rusmi. Ana miaka ishirini na minne, anapima macho kwenye duka la miwani mjini, mtoto mpole, asiyepandisha sauti hata kwa kuku. Kwa miaka mitatu alikuwa na Damar, kijana wa duka la betri za pikipiki. Pete ilikwishavishwa, mwezi wa harusi ulikwishachaguliwa, kilichobaki ni karatasi ya Ngadiman, ambayo kwa posa iliyofika pale watu huichukulia kama kukamilisha tu. Karatasi ikatoka. Pegat.

Nyumba ya Rusmi ikawa ya matanga bila maiti. Mama yake Damar, Bu Parti, mwanamke anayefunga mpaka siku zisizo na funga, alikuja kulia mlangoni kwamba anampenda Galuh kama binti yake ila hawezi kumzika mwanawe. Alikuwa analia kwelikweli, makamasi na yote. Ikakubaliwa kwamba Jumamosi pete irudishwe kwa heshima, ukumbini, mbele ya mkuu wa kijiji. Galuh alikuja kwangu Jumatano na ile karatasi.

"Mama mkubwa, mimi namba zangu zina ubaya gani?"

"Umekula leo?"

"Sijisikii. Hebu niangalizie wewe. Wewe unajua mambo ya kompyuta. Labda kuna kosa. Kama kuna kosa, si itaendelea? Harusi si itaendelea?"

Nikageuza karatasi, nikapiga hesabu nyuma yake kwa penseli. Galuh alizaliwa Alhamisi Wage, nane na nne, kumi na mbili. Damar ni Jumamosi Pahing, tisa na tisa, kumi na nane. Jumla thelathini. Toa tisa, toa tisa, toa tisa. Baki tatu. Na tatu, hata mtoto anayeuza krupuk za kukaanga anajua, ni Jodoh.

Alhamisi nilifika ofisini kabla yake. Alipoingia sikumpa hata nafasi ya kukaa.

"Pak Ngadiman, thelathini imekuwa Pegat tangu lini?"

Hakuinua macho. "Bu Narsih, hesabu za kichwani ni za kununulia kabichi."

"Nijibu, usinichezee."

"Huyo binti alizaliwa jioni. Jua likizama, siku imeshakuwa nyingine. Wewe unasahau, mashine haisahau."

"Haya, tumpeleke Ijumaa Kliwon. Sita na nane, kumi na nne. Weka kumi na nane za Damar, thelathini na mbili. Baki tano. Tano ni Tinari, neema tupu! Ukimweka mchana ni heri, ukimweka jioni ni heri. Hiyo Pegat umeitoa wapi, mfukoni?"

Alilamba pilipili kidoleni, polepole, kama mtu anayetafuta jibu ndani ya kidole.

"Daftari la marehemu lina siri zake."

"Fungua jedwali nione."

"Hairuhusiwi. Ni mambo ya ndani ya watu."

"Ya ndani! Wewe unayewasomea watu Pegat kwa sauti mpaka wauza mboga wanasikia barabarani!"

"Bu, kunywa chai yako," akasema, akaugeuzia uso wa kompyuta ukutani.

Pale nilijua ni mwongo, nikaiacha chai mezani. Nilijua pia, au nilijiona najua, nani aliyemtuma. Nani mwingine kama si Bu Parti? Mwanamke mwenye nyumba ya paa la vigae na mtoto mmoja wa kiume, anayeona binti wa Rusmi hamtoshi. Machozi ni maji tu. Nilimvisha kosa lote tangu kilembani mpaka kwenye ndala, nikalala nimeridhika.

Sasa, kuna jambo nililojifunza kwenye mafunzo ya wilayani, ambako Ngadiman alikoroma kiti cha nyuma mpaka mkufunzi akanyamaza kumsikiliza. Kuna amri kwenye jedwali inayoitwa FORMULATEXT. Unaiandika kwenye seli ya pembeni, unaielekeza kwenye seli unayoishuku, nayo inakuandikia fomula iliyomo mle, herufi kwa herufi, waziwazi. Si jibu, bali njia iliyoleta jibu. Na kama mle hakuna fomula, kama mtu ameandika tu neno kwa vidole vyake, amri ile haina cha kuonyesha. Inatoa alama ya kosa. Wenzangu waliiona ni mchezo. Mimi niliiandika kwenye daftari langu na kuipigia mstari.

Jumamosi saa nne ukumbi ulikuwa umejaa. Kurudisha pete ni jambo la familia mbili, lakini kwetu familia mbili ni kijiji kizima. Projekta ilikuwa bado imefungwa pale tangu mkutano wa mbolea. Pete ilikuwa ndani ya kisanduku cha mahameli, kwenye sinia, katikati ya keki za mchele. Galuh alikaa nyuma ya mama yake, amevaa blauzi ya kebaya ya kijivu, macho yamevimba. Damar alikaa nyuma ya mama yake pia. Vijana wawili wazima wamejificha nyuma ya migongo ya kina mama, hata hilo nililiona ni uchafu, ila siku ile nilikuwa naona uchafu kila mahali.

Mkuu wa kijiji alianza hotuba ya majaliwa. Nikasimama.

"Samahani, Pak. Kabla pete haijarudi, tuione hesabu."

"Bu Narsih, karatasi ipo, muhuri upo."

"Karatasi ni jibu. Mimi nataka njia. Tuionyeshe ukutani hapo, wote tuone."

Ngadiman alikuwa mlangoni na kompyuta yake kifuani. "Haitawezekana," akasema haraka. "Ina virusi."

"Virusi vya tempe!" mtu akapiga kelele nyuma, watu wakacheka.

Cha ajabu, aliyeniunga mkono ni Bu Parti. Alisimama, kitambaa cha machozi mkononi, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Ionyeshwe! Kama nyota zinamtaka mwanangu, nataka nizione kwa macho yangu." Nikasema moyoni, mwanamke huyu kiboko, anaigiza mpaka mwisho. Mkuu wa kijiji hakuweza kumkatalia mama anayelia. Akamwamuru Ngadiman alete mashine.

Nilifuta vibonyezo kwa ncha ya kitambaa changu, mbele ya watu wote, niliona ana haki ya kuaibishwa na hilo kwanza. Kisha nikafungua jedwali. Mistari mia mbili na kumi na minne, miaka tisa ya ndoa za kijiji. Nikaongeza safu moja pembeni mwa majibu, nikaandika ile amri juu kabisa, nikaivuta mpaka chini.

Ukuta ukajaa fomula. Alama ya sawasawa, mabano, namba tisa, orodha ya majina kuanzia Pegat mpaka Pesthi, mstari baada ya mstari, yote mirefu, yote inafanana. Kuna msemo, usione vyaelea, vimeundwa. Basi pale kijiji kizima kiliona jinsi chombo chake kilivyoundwa. Wazee wasiojua hata kuwasha simu walikuwa wanatingisha vichwa. Halafu tukafika mstari wa Galuh na Damar. Kwenye jibu, Pegat. Pembeni yake hakuna mstari mrefu. Kuna alama fupi ya kosa, imekaa peke yake.

"Hapo pameliwa na panya?" akauliza mzee mmoja.

"Hapo hapana fomula, Mbah. Mashine haikupiga hesabu yoyote. Hapo mtu ameandika kwa mkono."

Ukumbi ukavuma. Na balaa ni kwamba mstari wa Galuh haukuwa peke yake. Huko juu, ukutani, alama fupi zilikuwa zimetawanyika, moja hapa, mbili pale, na watu walikwishaanza kusoma majina. "Huyo si Lasmi?" "Ee, ndiye, na yule wa kiwanda cha tofu! Si waliambiwa Pegat?" Mkuu wa kijiji akainama sikioni mwangu.

"Bu Narsih, usiipandishe orodha tena. Baki hapo hapo." Binti yake wa kwanza alikuwa huko juu mahali fulani, nadhani.

Nikamgeukia Ngadiman. Jasho lilikuwa linamtiririka nyuma ya masikio.

"Nani alikuomba?"

Akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Sema. Ni mama huyu hapa?"

"Mimi?" Bu Parti akaruka. "Mimi ambaye nimefunga siku tatu mfululizo? Mimi nimekwishanunua vitambaa vya wageni, jozi sitini! Wewe mwanamke, kinywa chako kina nini?"

Nikamtazama, na nikaona kwamba anasema kweli. Hakuna mtu anayeweza kukasirika hivyo kwa uongo. Ngadiman naye hakuwa anamtazama Bu Parti. Alikuwa anatazama nyuma yake, kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyekwama kwenye tope. Alikuwa anamtazama Damar.

Damar alikuwa anatazama soksi zake.

Galuh aliona kabla yangu. "Mas Damar," akaita, taratibu tu.

"Sikujua nitasemaje," Damar akasema.

"Kwangu?"

"Kwa kila mtu. Mambo yalikwishafika mbali. Vitambaa, wageni... Sikutaka uumie."

"Ni mwanamke mwingine?"

"Hapana. Hakuna mtu. Sikutaka tu."

Nimeona vitu vingi vya kutia kinyaa ofisini mwetu, lakini hakuna kilichowahi kunipanda koo kama yule kijana mrefu mwenye mabega ya kubeba magunia, aliyekwenda kwa karani kumwomba amwandikie woga wake kwa herufi tano. Na mimi ndiye niliyeupeleka woga huo ukutani, ukubwa wa mita mbili, mbele ya yule ambaye hakutakiwa kuuona. 

Ingeishia hapo ingekuwa mbaya ya kutosha. Lakini Bu Parti alikuwa bado anafikiri.

"Basi, kama hiyo imeandikwa kwa mkono," akasema, "ya kweli ni ipi?"

Sijui kwa nini nilifanya. Mkono uliizoea kazi. Nilinakili fomula ya mstari wa juu, nikaibandika kwenye seli ya Galuh. Pegat ikafutika. Ukutani ikatokea Jodoh.

"Alhamdulillahi!" Bu Parti akapiga kofi. "Jodoh! Mwanangu hafi! Jamani, Jodoh!" Akakinyakua kile kisanduku cha pete kwenye sinia, akamsukumia Galuh kwa mikono miwili, machozi yakiwa bado mashavuni lakini sasa ya furaha. "Mwanangu, haya yote ni ujinga wa vijana. Wasiwasi wa ndoa, nani hana? Hesabu imesema!"

Mkuu wa kijiji akashusha pumzi, akaashiria chai iletwe. Mdogo wangu Rusmi akanigeukia ana tabasamu, akaninong'oneza, "Dada, umetuokoa." Na Damar, baada ya mama yake kumgusa kiwiko mara mbili, akaitikia kwa kichwa.

"Kama hesabu imekubali," akasema, "mimi nitaoa."

Galuh akasimama. Alikirudisha kisanduku juu ya sinia, katikati ya keki, pale pale kilipokuwa.

"Hesabu imekubali, basi hesabu na iolewe," akasema. "Mimi sitaki."

Inabidi mjue kwamba kwetu neno hilo halina matumizi. Tunasema tutaangalia. Tunasema ngoja tumuulize babu, na babu alikwishakufa. Tunasema ndiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, na kila mtu anaelewa kwamba ni hapana. Nimefika miaka arobaini na sita sijawahi kumsikia mtu akilisema mbele ya sinia za posa, sembuse msichana. Hata wabebaji wa chai walisimama. Galuh akapita katikati yao, akavaa viatu vyake mlangoni, akaenda zake, na kwa muda mrefu hakuna aliyegusa keki.

Jumatatu nilitegemea kukuta meza ya jirani tupu. Wapi! Ngadiman alikaripiwa dakika kumi, akanyang'anywa muhuri kwa wiki moja, basi. Saa tatu na nusu akaingia mama mmoja wa kitongoji cha mashariki, akaangaza huku na huku, akainama juu ya meza yake.

"Pak, ile ya mkono bado ipo?"

Baada yake akaja mwanaume. Baada yake wakaja wawili. Miaka tisa huduma hii ilikuwa siri ya wachache, sasa mimi nilikuwa nimeitangazia kijiji kizima kwa projekta. Nilikwenda nyuma ya jengo nikatema mate.

Niliporudi nilimwambia, "Huna haya."

"Nilikuwa nayo," akajibu. Akavua kiatu. "Nikiwa na miaka ishirini na tatu wazazi wangu walinipeleka kuposa. Kijiji cha pili hapo, ng'ambo ya mfereji. Sinia saba. Baba wa yule msichana alikuwa mtu wa mjini, msema kweli. Akatwambia mbele ya watu: hatumtaki, miguu kama ya bata. Mama alizibeba sinia zile kurudi nyumbani kwa miguu, mchana, watu wamesimama barazani wanatazama. Mwaka mzima hakwenda sokoni. Mimi nilimnunulia mboga."

"Kwa hiyo ukaamua kudanganya dunia nzima."

"Si dunia. Hapa tu." Akaanza na ukucha wa kidole gumba. "Wanakuja kwangu hawajui kusema, Bu Narsih. Mimi nawasemea. Nyota hazina uso, mtu hawezi kuzichukia."

"Na wanaoachwa je? Hao umewahi kuwafikiria?"

Aliacha kukata, akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Si ndio ninaowafanyia."

Nilimwambia akanawe mikono, kwa sababu ilikuwa michafu kweli.

Galuh alikuja kwangu Alhamisi, baada ya kazi, jua bado liko juu. Nilikuwa nakuna nazi. Nitasema ukweli: nilitegemea kushukuriwa. Nilikuwa nimekwishaandaa na la kujibu, kwamba damu nzito kuliko maji, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mambo ya hivyo. Watu sokoni walikuwa wanamsema, nilijua. Nilidhani atalilia hilo.

Alikaa kwenye kibago. Hakulia.

"Mama mkubwa, ulipokuwa unaenda ukumbini, ulikuwa unajua ni nani aliyeomba?"

"Nilidhani mama yake."

"Ulidhani." Akaokota kipande cha nazi, akakiweka chini. "Na kama ingekuwa mama yake, ungefanya nini?"

"Ningemuumbua. Yeye na Ngadiman wote wawili."

"Ee. Ndicho ulichotaka."

 Alikuwa amenisoma kama herufi za ubaoni dukani kwake. Nilikuwa na hamu ya kumkomoa Ngadiman miaka kumi na mmoja, na Galuh alikuwa amenipa sababu. Kama ningetaka kumsaidia yeye, ningemwita Damar pembeni na kumuuliza. Dakika tano. Wala nisingehitaji umeme.

"Wiki iliyopita," akasema, "nilikuwa naachana na mtu anayenipenda. Nilikuwa naumia, lakini miaka yangu mitatu ilikuwa mizima. Sasa kila nikikumbuka kitu, ile siku alinipeleka kula tambi, ile siku ya mvua, nakaa najiuliza, hapo alikuwa ameshachoka? Hapo je? Sipati hata siku moja iliyo safi."

"Galuh, lakini ulikuwa uongo. Hata yeye mwenyewe..."

"Najua ulikuwa uongo." Akasimama, akakung'uta sketi. "Ungeniachia ile Pegat, mama mkubwa."